Udi Wangu, Sigara Yake

Kwenye matatu za Mombasa siku hizi huoni mtu akiwasha sigara. Akithubutu, abiria watamshusha kabla kondakta hajafungua mdomo. Benki hivyo hivyo, ofisini, hospitalini. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa Kenya mwaka 2007, na tuseme haki, mambo yamebadilika. Ila sheria hiyo ikifika kizingiti cha nyumba ya mtu hugeuka ikarudi zake. Ndani ni kwa mwenyewe, na mwenyewe akivuta, wanaovuta naye ni wanawe.

Nimeolewa na mvutaji. Namwandika kwa ruhusa yake, ingawa ameniambia nisitie chumvi. Yeye anaendesha tuktuk, mimi nauza dawa katika duka moja la Mwembe Tayari. Hapo kaunta ndipo nilipoanza kuwatambua akina mama wanaorudi kila mara kwa dawa ya kikohozi ya mtoto, chupa baada ya chupa. Mtoto kambeba begani anapumua kwa sauti, na ukichungulia nje wamwona baba juu ya pikipiki anawangoja, sigara mkononi. Nikawa nawauzia dawa, narudi nyumbani nakuta hadithi ile ile.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, kama zilivyo nyingi za mtaa wetu wa Majengo: baraza mbele, ukumbi mrefu unaoipasua nyumba katikati, vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi ni uani, penye jiko, choo, mapipa ya maji na kamba za nguo. Tunakaa na mavyaa wangu na wifi yangu mdogo. Zamani mume wangu alikuwa akivutia chumbani, amesimama dirishani. Alipozaliwa mtoto wa pili akahamia uani, na kila mtu akamsifu. Kwa hesabu ya watu wengi hapo baba ashatimiza wajibu wake: anavutia nje.

Tatizo ni upepo. Uani kwetu kumetazama kusi. Ukianza msimu wa kusi, yaani tokea mwezi wa nne au wa tano mpaka wa tisa hivi, upepo unaingia kwa mlango wa nyuma, unakata ukumbi wote na kutokea barazani. Wenyewe tunaupenda, maana ndio unaotupunguzia bili ya feni. Mapazia ya milango yanajaa na kuvimba, mtu analala mchana raha mustarehe. Lakini ukiketi barazani mbele, sigara iliyowashwa uani inakufikia pua haijaisha nusu, na ili ikufikie wewe lazima iwe imeshapita milango yote ya vyumba. Kaskazi nayo ikivuma mambo yanageuka: sasa wanaovuta ni wale wanaokuja kuzungumza barazani jioni, na moshi unaingia kwa mlango wa mbele. Nyumba ya namna hii, hewa ya nje na ya ndani ni moja.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa rangi. Ilikuwa karibu na Idi, tukataka kupaka chumba chetu. Fundi akatungua kalenda iliyokuwa ukutani upande anaolala mume wangu, na nyuma yake pakabaki mstatili mweupe, safi, wenye kona zake nne. Ukuta mzima kuuzunguka ulikuwa wa manjano iliyofifia. Siku zote mimi nilidhani rangi ya chumba ni krimu. Mume wangu akauliza kama huko ni kuzeeka kwa rangi. Fundi akapitisha kidole, akakinusa, akasema, "Hii ni sigara, bwana. Nikipaka juu yake itatokeza tena. Lazima kwanza nioshe ukuta kwa sabuni, na hiyo kazi ina bei yake." Akaosha. Maji ya kwenye ndoo yalitoka rangi ya chai ya rangi, tena iliyokaa. Mume wangu hakusema kitu, alilipa. Mimi nilikuwa namtazama mtoto aliyelala katikati ya kitanda kile miaka yote miwili ya kunyonya.

Huyo ndiye mwenye kifua. Alianza na mafua yasiyokwisha, yakaja masikio, moja likawa linatoa usaha, kisha kikohozi cha usiku, kisha siku moja kikambana kweli kweli, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tulikimbia naye hospitali alfajiri. Muuguzi alimwekea mashine ya mvuke, na wakati inavuma akaniuliza, bila kunitazama, "Nyumbani nani anavuta?" Hakuuliza kama yuko. Nikamjibu, "Babake, lakini yeye huvutia uani, sista." Akasema, "Na mlango wa uani huwa mwaufunga?"

Nani Mombasa anafunga mlango wa uani mchana?

Alinieleza kidogo, na mengine nilikuja kuyasoma mwenyewe, maana dukani saa za mchana huwa hakuna wateja. Mtoto anapumua haraka kuliko sisi na mirija yake ni myembamba, kwa hiyo hewa ile ile chafu inamwingia nyingi zaidi kwa kadiri ya mwili wake, na uvimbe mdogo tu unatosha kumziba. Moshi anaoupata si ule tu uliopita kwenye kichungi na kwenye mapafu ya babake. Sehemu kubwa unatoka kwenye ncha ya sigara inayojiunguza yenyewe kati ya mvuto mmoja na mwingine, na huo ndio mchafu zaidi. Ndani yake mna kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati ya hizo zajulikana kuleta saratani. Ukipima mkojo wa mtoto wa mvutaji unaikuta kotinini, mabaki ya nikotini mwilini, kwa kiumbe ambaye hajawahi kushika hata kiberiti. Pumu inazidi, nimonia na maradhi ya masikio yanamwandama, na kwa watoto wachanga hata vifo vya ghafla usingizini huongezeka. Mwaka 2006 daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti kubwa iliyosema hakuna kiwango cha moshi huu kisichodhuru, na kwamba kufungua madirisha au kutenga chumba cha kuvutia hakumwondolei asiyevuta hatari. Niliposoma pale pa madirisha nilicheka. Majengo madirisha hayafungwi.

Hospitali walituandikia pampu ya bluu, salbutamoli. Mtoto mdogo hawezi kuivuta moja kwa moja mdomoni. Dawa nyingi inagonga ulimi na koo, kifuani haifiki. Panahitajika chombo cha katikati, na kile cha dukani bei yake inawarudisha wazazi wengi nyuma. Basi hili niliweke hapa kwa faida ya mwenye haja: chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi hiyo, na madaktari wa Afrika Kusini waliwahi kuijaribu kwa watoto wenye pumu wakaona inafaa. Waosha chupa vizuri na kuiacha ikauke yenyewe. Wachukua waya, waukunja ufuate umbo la mdomo wa pampu, wautia moto na kutoboa tako la chupa, ili pampu iingie ikaze, pasipitishe hewa pembeni. Mtoto anashika mdomo wa chupa kwa midomo yake, wewe waminya pampu mara moja, yeye anapumua ndani ya chupa taratibu, mara tano sita, kisha ndipo waminya tena kama ameandikiwa mara mbili. Wangu alikuwa akiita "soda ya dawa." Chupa ile ilikaa juu ya friji, na babake alikuwa akiipita kila akienda kuvuta.

Siku niliyomletea maneno ya muuguzi, mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na udi wako?"

Nikanyamaza.

"Na ubani wa mama? Na koili ya mbu unayowasha chini ya kitanda? Na jiko la makaa? Moshi ni wa sigara peke yake, au sigara ndiyo yenye ubaya kwa sababu ni yangu?"

Wanawake wenzangu wa Mombasa wanajua uzito wa swali hilo. Alhamisi usiku na Ijumaa chetezo hakikosi. Nguo zafukizwa, kanga zafukizwa, shuka, chumba kizima, na mgeni akiingia anasema mashaallah. Nyumba isiyonukia udi utadhani haina mwanamke. Ningeweza kumjibu kwamba udi ni wa mara moja kwa wiki na sigara ni ya kila saa, na kwamba udi hauna nikotini. Yote ni kweli. Lakini na yeye alikuwa na lake la kweli: kaa la chetezo linatoa hewa ile ile ya sumu inayotoka kwenye jiko, na moshi wa udi una vumbi jembamba linaloshuka mpaka ndani ya mapafu, kama wa koili. Kifua cha mtoto hakina habari kwamba huu ni moshi wa heshima na ule ni wa uhuni.

Basi tukakaa kama wafanyabiashara. Mimi nikatoa udi ndani: nguo nafukiza nje, watoto wakiwa madrasa, na zikipoa ndipo zaingia. Koili ikaenda, chandarua kikarudi. Jiko la makaa likabaki kwa ajili ya maharagwe na chapati za wageni. Chakula cha kila siku tukahamia gesi. Yeye naye akatoa uani. Si dirishani, si uani, si barazani, si chini ya mwembe wa jirani. Akitaka kuvuta atoke mpaka pembeni kule penye duka, na akirudi avue shati alitundike kwenye kamba, ajifunge kikoi, anawe mikono na asukutue, ndipo ambebe mtoto. Hilo la shati alilipinga mno, mpaka nikamkumbusha ndoo ya fundi wa rangi. Kinachoshika ukuta kinashika na nguo, na mtoto akibebwa uso wake unakuwa papo hapo kwenye mfuko wa shati.

Mimi nasema mapatano haya yalishika kwa sababu ya udi. Ningeenda kwake na mikono mitupu, nimekuja kumkataza tu, angenipa ahadi na angeivunja kabla ya Ijumaa. Aliponiona nimetoa chetezo changu cha harusi nje ya mlango, akakosa pa kushika.

Mavyaa ndiye aliyekuwa mgumu. Ubani wake hakuuacha. Alikubali kuutoa chumba cha watoto tu, na hapo ikabidi nishukuru. Nilimsomea habari za daktari mmoja Mjapani, Takeshi Hirayama, ambaye mwaka 1981 alichapisha utafiti alioufanya kwa miaka 14 juu ya wake 91,540 wasiovuta, akaona kwamba wale ambao waume zao huvuta sana walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Mama alisikiliza akimenya vitunguu. Marehemu baba mkwe alikuwa mtu wa bandarini na sigara haikumtoka kidoleni. Akaniambia, "Sasa mpaka Mjapani ndiye anijuze?"

Lakini neno lilikuwa limeingia. Likatoka Ramadhani.

Mwezi wa Ramadhani kila mvutaji wa Mombasa huonekana mtu mwenye azma. Tangu alfajiri mpaka magharibi, saa kumi na tatu na ushei, hakuna sigara. Nikotini haikai mwilini. Kila baada ya kama saa mbili hivi iliyo kwenye damu imepungua nusu, kwa hivyo adhuhuri mtu ashaanza kuidai, na alasiri ndiyo ile ya madereva kupigiana honi Makupa na watu wazima kutukanana kwa sababu ya nafasi ya kuegesha mkokoteni. Watu husema ni njaa. Mimi nasema nusu yake ni sigara. Kisha yaja adhana ya magharibi: tende moja, funda la maji, na kiberiti. Watoto wako mkekani wanangojea kaimati, na ile sigara ya kwanza, iliyovutwa kwa uchu wa mchana kutwa, inawapitia puani.

Ile Ramadhani ya kwanza baada ya mapatano, mume wangu alisahau. Au alijisahaulisha. Alifuturu, akajinyosha, akatoa sigara pale pale mlangoni pa uani. Mimi sikusema, kwetu mke hamkosoi mume mbele ya watu, na wifi yangu alikuwapo na mumewe. Aliyesema ni mama, tena bila kuinua macho kwenye sahani: "Babako alinivutisha mpaka akaenda zake, Mungu amrehemu. Nawe wanivutisha. Mimi maisha yangu sigara sijanunua hata moja."

Mume wangu alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akairudisha sigara kwenye pakiti. Tokea siku hiyo sigara ya kwanza ya usiku ikawa baada ya tarawehe, huko huko njiani.

Lililobaki lilikuwa kijana wetu mkubwa. Yeye kifua chake kizima, lakini alikuwa ndiye mtume wa sigara. "Nenda dukani uniletee mbili na kiberiti." Duka la pale pembeni huuza sigara moja moja, pakiti imefunguliwa kando ya mkebe wa peremende, na kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi ili kisiibwe. Sheria inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Mwenye duka anaijua, ila kwake yeye anamuuzia baba, mtoto ni mkono tu. Nilimkuta kijana siku moja kaweka kalamu mdomoni, anaivuta, anapuliza juu, jicho moja kalifinya, mkao wa babake mtupu. Sikwenda kwa babake. Nilikwenda dukani, nikamwambia mwenye duka kwa upole kwamba mwanangu amuuzie sukari, mafuta, unga, chochote, ila sigara hapana, na kama ni vigumu kukumbuka basi naweza kulifunga daftari langu la deni nikalifungulie duka la ng'ambo ya barabara. Alikumbuka palepale. Mume wangu ilibidi aende mwenyewe, na kwa mvivu kama yeye, sigara kadhaa kwa siku zilikufa kwa umbali tu.

Kuacha kabisa hajaacha. Alijaribu. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kubadili nikotini, zile bandiko na gamu, katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, lakini dukani kwetu huja na kupotea, na zikija mteja husikia bei akasema atarudi. Nilimletea gamu. Sikumpa maelezo vizuri, naye akaitafuna kama bigijii ya kawaida, mfululizo, anameza mate, akashikwa na kwikwi na kichefuchefu akaitema. Yatakiwa utafune kidogo mpaka uhisi ukali, uipumzishe kando ya ufizi, kisha utafune tena. Mara ya pili alifanya sawa, siku za mwanzo zilizo ngumu akazipita, akawa mkali lakini akapita. Kisha alifiwa na rafiki yake wa kijiweni. Matangani huko pakiti zinazunguka kama kahawa, na mtu aliyefiwa haambiwi kitu.

Alirudi nyumbani usiku ule, akavua shati, akalitundika kwenye kamba, akanawa. Kuacha alishindwa, lakini lile la mlangoni halikumshinda, na mimi kwa hilo nilimheshimu.

Mtoto sasa anasoma. Pumu haikuondoka, vumbi la barabara yetu likitifuka linamshika, na mvua za mwezi wa tano zikianza tunaiweka pampu karibu. Lakini usiku wa kukimbizana na tuktuk hospitali umekuwa nadra, na sikio limenyamaza. Sitasema ni sigara peke yake, maana na makaa yaliondoka, na koili, na mwenyewe amekua mirija imepanuka.

Shida yetu ya sasa ni mgeni. Idi inayokuja atatujia ami yake mume wangu kutoka Lamu, mzee wa heshima zake, ambaye huvuta ameketi kitandani na kisahani cha kikombe ndicho chake cha kutupia majivu. Mume wangu anasema nimwambie mimi, eti naongea vizuri. Mimi nasema ni ami yake, si wangu. Mavyaa kasema tumwachie yeye: atamtandikia kiti kule pembeni ya duka, atamwekea mto na buli la kahawa, na atamwambia kwamba huko ndiko kwenye upepo mzuri.